Mtihani wa uzamifu usiouliza tarehe

KABLA ya mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika historia kuruhusiwa kuandika tasnifu yake katika vyuo vikuu vya Marekani, sharti afaulu mitihani ya kufuzu. Wengi huifanya mwaka wa pili au wa tatu, baada ya kukamilisha masomo ya darasani.

Katika mfumo wa Uingereza, uliowalea wanahistoria kama marehemu Profesa Bethwell Ogot, uzito mkubwa huwa kwenye tasnifu na utetezi wake. Wamarekani huanza kwa kutaka ithibati kwamba msomi anaifahamu taaluma yake kwa mapana.

Mwanafunzi huchagua nyanja tatu au nne, kwa mfano historia ya Afrika, historia ya Uingereza na makoloni yake, na historia ya utumwa. Kila nyanja huwa na profesa anayekubaliana naye kuhusu orodha ya vitabu na makala. Orodha zote zikijumlishwa, aghalabu huzidi vitabu mia moja.

Utaratibu hutofautiana. Katika baadhi ya idara, mtahiniwa huketi chumbani kwa saa kadhaa bila kitabu wala daftari. Kwingineko hupewa maswali aende nayo nyumbani, kisha arejeshe insha baada ya muda uliowekwa. Mara nyingi hufuatia mtihani wa mdomo mbele ya jopo la maprofesa, ambapo mtahiniwa huitetea kazi yake.

Kinachopimwa

Kinyume na wanavyodhani wengi, kinachopimwa si kumbukumbu ya tarehe. Watahini hutaka kujua wanahistoria wamebishania nini, nani alimjibu nani na kwa ushahidi upi.

Chukua vita vya Mau Mau. Mtahiniwa anayeeleza tu kwamba hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 huwa hajajibu lolote.

Hutarajiwa kuonyesha kwamba Carl Rosberg na John Nottingham, katika kitabu chao cha 1966, walipinga dai la wakoloni kuwa Mau Mau ilikuwa ushenzi, wakaiweka ndani ya harakati za utaifa. Tabitha Kanogo, mnamo 1987, aliyaelekeza macho kwa maskwota wa Bonde la Ufa. Mwaka wa 2005, David Anderson alitumia kumbukumbu za kesi za waliohukumiwa kunyongwa, ilhali Caroline Elkins alichunguza kambi za kizuizini.

Baada ya hayo yote, mtahiniwa aseme mwenyewe ni hoja ipi yenye mashiko na kwa nini.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi mwerevu hasomi kila kitabu neno kwa neno. Huandika ukurasa mmoja kwa kila kitabu: hoja kuu, ushahidi uliotumika, na mwandishi anayepingwa. Hujizoeza pia kujibu maswali ya miaka iliyopita huku akitazama saa.

Hatari iliyopo

Anayefaulu hutambuliwa rasmi kuwa mtahiniwa wa uzamifu, akabakiwa na tasnifu pekee. Anayeanguka kwa kawaida hupewa nafasi moja zaidi. Akishindwa tena, aghalabu huondoka na shahada ya uzamili, na ufadhili wake hukoma. Kwa anayesoma ugenini kwa viza ya mwanafunzi, huenda akalazimika kufunga virago, miaka miwili au mitatu ya jasho ikiishia hapo.

Wapo wanaolalamika kwamba insha ya saa chache hupima kasi ya mkono kuliko upevu wa fikra. Baadhi ya idara zimesikia kilio hicho, zikamruhusu mwanafunzi kuandaa mtaala wa kozi au mkusanyiko wa insha badala yake.

Hata hivyo, lengo halijabadilika. Mhitimu anapopewa darasa lake la kwanza, mara nyingi orodha zilizomnyima usingizi ndizo humpa mihadhara ya muhula mzima.