Safari ya Chini ya Mlima

Mkazi wa Kawangware aazimuye leo kuzuru Nanyuki, mji wa starehe ulio chini ya theluji ya Mlima Kenya, hupanda matatu ya nambari 46 hadi katikati ya jiji la Nairobi, akatafuta gari la kaskazini, na baada ya mwendo wa kilomita 200 hivi akawasili. Walakini safari hiyo, iliyo nyepesi siku hizi, haikuwa ya kila mja.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 tajiri wa Kimarekani, Rhoda Lewisohn, alijengewa huko kasri lililoitwa Mawingo, ambalo hatimaye lilifanywa hoteli, na mwaka 1959 mwigizaji William Holden pamoja na wenziwe wakalifanya klabu ya watu mashuhuri.

Ilhali zama za kujengwa kasri hilo, Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, ilikuwa maskani ya Wanubi, askari wastaafu wa jeshi la Waingereza na dhuria zao, waliokalishwa humo bila hati ya ardhi. Na mwanamume wa Kiafrika atokaye kwao kutafuta kazi Nairobi alilazimika kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati na aghalabu kuning'inizwa shingoni.

Kipande kilifutwa katika miaka ya 1940, lakini hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilirejesha vibali, hususan kwa Wakikuyu, hata kuuendea mlima wa wazee wao kukahitaji idhini ya serikali.