Nambari iliyowapotosha watu

Leo tuzungumzie PostgreSQL, hifadhidata ambayo wengi wetu tunaitumia kazini.

Zamani, kupanda toleo kubwa kulimaanisha kutoa data yote kwa pg_dump na kuipakia upya kwenye seva mpya. Data ikiwa nyingi, wateja walisubiri saa kadhaa. Mwaka 2010 toleo la 9.0 lilikuja na pg_upgrade, ambayo huyatumia mafaili ya data yaliyopo, na muda ukapungua sana.

Tatizo moja lilibaki: jina. Kutoka 9.6.1 kwenda 9.6.2 ni kubadilisha programu na kuwasha seva tena. Lakini kutoka 9.5 kwenda 9.6 ni kuhama nyumba. Seva mpya hukataa kuwaka juu ya data ya zamani. Maelekezo yalieleza hivyo wazi, ila aliyeona 9.5 na 9.6 angedhani ni hatua ndogo, basi hakuyafungua kabisa.

Mwaka 2017 likatoka toleo la 10, na hesabu ikabadilika: nambari ya kwanza ikibadilika, unahama. Kwa maoni yangu, hilo lilisaidia kuliko kuongeza kurasa kumi za maelezo, kwa sababu lilimfikia hata asiyesoma.

Ukihama kwa njia ya zamani, tumia pg_dump ya toleo jipya, na ujaribu kwanza kwenye nakala. Wewe uko toleo gani?