Asili na falsafa ya mazoezi ya Pilates

JINA Pilates, linalotumiwa leo kutaja mazoezi ya kuunganisha mwili na akili, ni la ukoo wa Mjerumani mmoja aliyeanza maisha akiwa mgonjwa.

Joseph Pilates alizaliwa mwaka wa 1883 mjini Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni aliugua pumu, matege na homa ya baridi yabisi. Hakuridhia udhaifu huo kuwa majaaliwa yake. Alijitosa katika ndondi na mazoezi ya viungo hadi mwili ukaimarika.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihamia Uingereza. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, Wajerumani waliokuwa huko walihesabiwa kuwa maadui, naye akazuiliwa. Hatimaye alipelekwa Knockaloe, katika kisiwa cha Isle of Man, kambi iliyokuwa na wafungwa zaidi ya 20,000.

Humo aliendelea kuibuni mbinu yake na kuwafundisha wenzake. Husimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wajinyooshe wakiwa wamelala. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, springi zimo hadi leo katika kifaa chake mashuhuri, kitanda chenye jukwaa linaloteleza.

Mwaka wa 1926 alihamia Marekani. Yeye na mwandani wake Clara walifungua ukumbi wa mazoezi katika barabara ya Eighth Avenue, New York. Miongoni mwa waliouthamini ukumbi huo ni magwiji wa densi George Balanchine na Martha Graham, kwani wachezaji walioumia walipata nafuu hapo.

Yeye mwenyewe aliiita mbinu hiyo Kontroloji, yaani elimu ya udhibiti. Aliieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1945, Return to Life Through Contrology, chenye mazoezi 34.

Msingi wake ni kwamba akili ndiyo bwana na misuli ni watumishi. Zoezi lililorudiwa mara chache kwa umakini lina faida kuliko lililorudiwa mara nyingi ovyo. Mapafu yatolewe hewa yote kabla ya kujazwa upya. Nguvu ianzie tumboni, kiunoni na mgongoni, ndipo isambae mikononi na miguuni. Kwake, umri wa mtu ulipimwa kwa wepesi wa uti wa mgongo, si kwa miaka: kijana aliyekakamaa mgongo alikuwa tayari mzee.

Pilates alifariki mwaka wa 1967 akiwa na umri wa miaka 83. Baadaye wafuasi wake walizozana kuhusu nani mwenye haki ya kulitumia jina hilo. Mwaka wa 2000, mahakama ya New York iliamua kwamba Pilates ni aina ya mazoezi, kama yoga au karate, na hakuna anayeweza kulihodhi.

Uamuzi huo uliwafungulia mlango walimu wengi, wenye ujuzi na wasio nao. Hivyo mwanafunzi, hasa mwenye maumivu ya mgongo, hana budi kumwona daktari kwanza, kisha kumchunguza mwalimu kabla ya kumkabidhi mwili wake.