Kunguru wa India: Udhibiti Usioishia Njiani

KUNGURU wa India, ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu anayeonekana karibu kila jalala la Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, si ndege wa asili wa Afrika Mashariki. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakati visiwa hivyo vikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ili asaidie kusafisha taka za mji. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amekwishatangazwa huko kuwa ndege mharibifu. Swali la iwapo adhibitiwe lilijibiwa, basi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lililobaki ni namna ya kumdhibiti na, zaidi ya hilo, muda wa kuendelea na kazi hiyo.

Ndege huyu, anayejulikana kitaalamu kwa jina la Corvus splendens, hustawi pale tu penye watu. Hula mabaki ya chakula, mizoga, matumbo ya samaki yanayotupwa mialoni, nafaka na matunda, na pia mayai na makinda ya ndege wengine. Kwa mfugaji wa kijijini anayeacha kuku wake wajitafutie chakula, hasara huonekana mapema: kunguru hushuka uani kwa makundi, wawili wakimshughulisha mama kuku huku mwingine akiondoka na kifaranga. Ndege wadogo wa asili nao huathirika, hususan mnana na kwera ambao viota vyao vinavyoning'inia huraruliwa, pamoja na chozi. Mji wenye kunguru wengi huwa na ndege wengine wachache, na wakazi wake huizoea hali hiyo kiasi cha kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Wapo wanaoona kuwa ndege huyu ni tatizo la miji ya pwani pekee. Mwenendo wake hauungi mkono dhana hiyo. Nchini Kenya alionekana Mombasa katika miaka ya 1940, kisha akaifuata barabara kuu ya kuelekea Nairobi, akapita Voi hadi Mtito Andei. Vituo vya magari, vibanda vya vyakula na majalala ya kando ya njia ndivyo vilivyompa chakula cha safari. Kwa hali hiyo, kijiji kilichopo kandokando ya barabara hakina kinga ya umbali.

Hata hivyo, si kila kunguru anastahili kuondolewa. Yupo kunguru wa asili ya Afrika, mwenye kifua cheupe na utepe mweupe shingoni, ambaye ana nafasi yake katika mazingira. Naye huiba vifaranga, na mfugaji aliyepoteza kuku hatulii kumwangalia ndege rangi ya shingo. Lakini kumuua wa asili kwa kosa la mgeni ni kumwachia mgeni uwanja. Hii ni sababu mojawapo ya kutowaachia wananchi kazi ya kutega sumu kila mmoja kwa namna yake. Sababu nyingine ni kwamba viuatilifu vya mashambani vinavyochanganywa na nyama huua pia mbwa, paka, kuku na tai, na vinaweza kumfikia mtoto anayecheza uani.

Sumu inayotumiwa na wataalamu dhidi ya kunguru huyu ni Starlicide, iliyotengenezwa awali nchini Marekani. Huua polepole, kwa kawaida baada ya saa kadhaa hadi siku moja au mbili, na sehemu kubwa ya sumu huvunjwavunjwa mwilini mwa ndege kabla hajafa, jambo linalopunguza hatari kwa mnyama atakayekula mzoga. Kasi hiyo ndogo ina faida nyingine: kunguru ni mwerevu, na akiwaona wenzake wakianguka papo hapo mbele ya chambo, hatakigusa tena. Watega chambo huanza kwa kuwazoesha ndege kula nyama isiyo na sumu mahali pamoja kwa siku kadhaa, wakihakikisha kwamba wanaofika ni kunguru wa India tu. Mitego ya vizimba na uharibifu wa viota husaidia, ingawa peke yake haitoshi.

Njia zipo, na zimewahi kuleta matokeo. Katika miaka ya 1990 idadi ya kunguru hawa ilipunguzwa kwa kiwango kikubwa Zanzibar, na baadaye pia Malindi na Watamu nchini Kenya. Kazi iliposimama, waliobaki walizaliana na wengine wakaingia kutoka maeneo jirani. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Ukubwa wa lengo hilo unaonesha gharama ya kusitisha kazi katikati. Waswahili husema kunguru hafugiki. Uzoefu wa Zanzibar unaonesha kwamba hata kumpunguza hakumalizwi kwa kampeni moja.

Kuna hoja kwamba kumuua ndege aliyeletwa na binadamu ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Hoja hiyo ina uzito wa kimaadili, ila haimsaidii mnana asiye na kiota. Inachokumbusha kwa haki ni chanzo cha tatizo: chakula. Soko la samaki lisiloondoa taka zake jioni, machinjio yenye shimo lililo wazi na jalala lisilofukiwa hulisha makundi mapya kwa kasi inayozidi ile ya sumu.

Kwa vijiji ambavyo ndege huyu ndiyo kwanza anafika, wakati wa kuchukua hatua ni pale wanapoonekana wawili au watatu, kabla hawajajenga viota. Mwananchi anayemwona kunguru mwenye shingo ya kijivu mahali ambapo hakuwahi kuwapo atoe taarifa katika ofisi ya serikali ya kijiji au kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, akieleza mahali, tarehe na idadi ya ndege aliowaona.