Pampu ya Petroli na Badiliko la Shinikizo katika Injini za Volkswagen
Katika injini za Volkswagen zenye kabureta, pampu ilikuwa na kazi moja: kujaza bakuli la kabureta. Shinikizo la takriban kilopaskali 20 hadi 30 lilitosha, kwani hewa inayopita ndiyo iliyofyonza petroli kwa kipimo. Mwaka 1967, sheria za Marekani kuhusu moshi wa magari zilichangia kufungwa kwa mfumo wa Bosch D-Jetronic katika Volkswagen 1600. Shinikizo lilidumishwa karibu na kilopaskali 200, na petroli ikapimwa kwa muda wa kufunguka kwa noseli. Hivyo, shinikizo lililokuwa la kusafirisha mafuta tu likawa msingi wa kuyapima. Ndiyo maana pampu ya mfumo huo, ikifungwa kwenye kabureta, huishinda vali ya boya, petroli ikafurika na kuhatarisha gari kuungua.