Vitunguu vya 1980

Baba yangu ana hadithi moja ya Garissa, na nimeisikia tangu nikiwa mtoto kule Mwingi. Alikuwa taniboi wa lori la mboga. Mwezi wa Novemba 1980 walipakia vitunguu Thika, wakashika njia usiku kucha, na walipokaribia daraja la Mto Tana askari wakawasimamisha. "Rudini. Mji umefungwa, kuna shifta." Wakageuza. Joto likaharibu vitunguu, na mwenye mali akakata hasara kwenye mshahara wao. Baba huimaliza hadithi kwa kicheko: "Mwezi huo nililipwa harufu."

Nilipopata kazi ya kufundisha historia Garissa hakucheka. "Kwa shifta? Umekosa kazi kwingine?" Sikumlaumu. Dereva aliyemfundisha kazi alipigwa risasi na majambazi kwenye barabara ya Wajir, akakata roho mikononi mwake. Watu wengine wanalisoma neno shifta kitabuni. Baba analisikia likipumua.

Lakini neno lenyewe lina safari. Lilitoka upande wa Ethiopia, ambako maana yake ni jambazi. Kwa miaka mingi Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpakani Kaskazini, yaani NFD. Sheria za 1926 na 1934 ziliifanya sehemu ya kuingia na kutoka kwa kibali. Mwaka 1962 tume ya Uingereza iliwauliza wakazi wanataka nini, na wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Hawakusikizwa. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, na Desemba 28 hali ya hatari ikatangazwa huku. Waliochukua bunduki wakaitwa shifta. Baadaye jina likamfuata kila mtu: mchungaji, mama muuza maziwa, mtoto wa shule. Kuanzia 1966 watu wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na askari, na mifugo mingi ikapotea. Makubaliano ya Arusha yalimaliza vita Oktoba 1967, ila sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita hivyo.

Nyumba niliyopanga ni ya mama mmoja mzee ambaye mtaa mzima unamwita ayeyo, bibi. Jioni tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, nilimsimulia habari za yule dereva. Alinyamaza, akaomba Mungu amrehemu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa Bulla Karatasi."

Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi na kuwakusanya watu kwenye uwanja wa shule ya msingi, juani, siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ayeyo alikuwa na mtoto mgongoni. "Yule aliyepiga dereva yenu alikuwa mwizi," akaniambia. "Aliyechoma nyumba yangu alikuwa na mshahara. Sasa mimi naenda kushtaki wapi?"

Sikuwa na jibu. Nami nina yangu. Machi 26, 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani. Wiki moja baadaye, Aprili 2, Al-Shabaab wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mimi nilikuwa mwanafunzi Nairobi. Wiki hiyo msichana mwenye hijabu alikaa kando yangu kwenye matatu, na nikashuka kituo kisicho changu. Hakuwa amenifanyia lolote. Mpaka leo nakumbuka alivyosogeza miguu ili nipite.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanaponiuliza, "Mwalimu, nani alikuwa na makosa?" siwaambii kila mtu ana ukweli wake. Huo ni uvivu. Mtaa ulichomwa au haukuchomwa. Dereva aliuawa au hakuuawa. Yote mawili yalitokea. Ila mtu huanza kuhesabu makosa kutoka siku aliyoumia yeye. Baba anaanzia barabara ya Wajir, ayeyo anaanzia uwanja wa shule, na kabla ya kuja huku mimi nilikuwa naanzia 2015. Ndiyo maana nawapa kazi ya kuuliza nyumbani hadithi inaanzia mwaka gani, halafu wauliza mwaka uliotangulia kulikuwa na nini. Wanarudi na madaftari yaliyojaa, na wengine wanarudi kimya.

Nikaona si haki kuwapa watoto kazi ambayo mimi sijaifanya. Nikampigia baba simu, nikamweleza ng'ambo ya daraja kulikuwa na nini mwezi ule wa vitunguu. Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Tuliona moshi," akasema. "Mwingi. Dereva akasema ni watu wa makaa."

"Mbona hujawahi kuutaja?"

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza moshi. Wote walipenda ile ya vitunguu."

Sisemi kwamba baba amebadilika. Bado ananiombea uhamisho, na kila mwezi wa uhamisho hunipigia kuuliza kama barua imefika. Ayeyo naye hajawahi kuvuka daraja bila kusema anaenda Kenya. Lakini zamani baba akipiga simu alikuwa anauliza, "Shifta wametulia?" Siku hizi huuliza, "Huko kuko salama?" Na kabla ya kukata hunituma nimsalimie mama mwenye nyumba.