Sindano ya Bega Lililoganda Ilitoka Wapi?

 

Mama, je, umewahi kushindwa kuinua mkono ili ujifunge leso, uchane nywele au umweke mtoto mgongoni? Maumivu huanza polepole na kukunyima usingizi usiku. Kisha bega hukakamaa, hata mwingine akikuinulia mkono haupandi. Hili ni bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Jirani akikuambia umerogwa, usikubali. Ugonjwa huu unajulikana tangu zamani.

Mwaka 1872, daktari Mfaransa Simon Duplay aliandika kuhusu mabega yaliyokakamaa. Mwaka 1934, Ernest Codman wa Boston, Marekani, aliupa ugonjwa huu jina la bega lililoganda, akakiri kwamba ni mgumu kuutibu. Mwaka 1945, Julius Neviaser alionyesha chanzo cha kukakamaa: mfuko unaozunguka kiungo huvimba, ukawa mnene na kusinyaa.

Dawa ilitoka kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotizoni mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Baada ya siku chache alitembea. Lakini dawa hiyo ikitumiwa mwilini mzima kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Kwa hivyo mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza namna ya kuidunga ndani ya kiungo chenyewe. Mwaka 1965, Andrén na Lundberg wa Uswidi walieleza jinsi ya kujaza maji kwenye kiungo ili mfuko utanuke.

Je, upasuaji ni bora kuliko sindano? Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha tiba mbili za chumba cha upasuaji na mazoezi pamoja na sindano. Hakuna iliyoshinda nyingine waziwazi.

Basi mama, shika haya:

- Nenda hospitali mapema. Sindano husaidia zaidi wakati maumivu yangali makali.
- Sindano hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa. Tumia nafasi hiyo kufanya mazoezi uliyofundishwa.
- Ukiwa na kisukari, mwambie daktari kwanza. Sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, kwa hivyo ipime.
- Usidungwe bega na mtu asiyesomea kazi hiyo, awe dukani au anayepita nyumba kwa nyumba. Sindano chafu huingiza viini ndani ya kiungo.
- Bega likiwa jekundu, likipata joto, au ukishikwa na homa baada ya sindano, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Bega hili hupona polepole, kwa miezi na wakati mwingine miaka, lakini wengi hupata nafuu. Nyanya akikataa kuinua mkono, usimwite mvivu. Mpeleke akapimwe.